KIINGEREZA CHA KAZINI: Msamiati bora huanzia kwenye lebo, barua na mkataba

KATIKA mji wa Timau, takriban kilomita 20 kutoka Nanyuki kwenye barabara iendayo Meru, siku ya kazi huanza kwa lugha nyingi. Ndani ya magari yanayowapeleka wafanyakazi kwenye mashamba ya maua, mboga na ngano husikika Kimeru, Kikuyu, Kiturkana na nyinginezo, na Kiswahili ndicho kinachowaunganisha wote. Lakini mara tu wafikapo langoni mambo hubadilika. Fomu ya kuchukua dawa stoo ni ya Kiingereza. Ratiba ya kunyunyiza ni ya Kiingereza. Barua ya onyo, ripoti ya mkaguzi na ujumbe wa mnunuzi wa Ulaya, zote ni za Kiingereza.

Hali hii haimaanishi kwamba wafanyakazi hawakijui Kiingereza. Wengi wao walimaliza kidato cha nne, na wataalamu wa kilimo, wauguzi wa zahanati za mashamba na makarani wa ofisi wana stashahada ama shahada. Tatizo ni kwamba Kiingereza cha shuleni kilimfundisha mwanafunzi kuandika insha na kujibu maswali ya ufahamu. Hakikumfundisha tofauti ya "danger" na "warning" kwenye chupa ya dawa, wala maana ya "full and final settlement" kwenye karatasi anayotakiwa kuitia sahihi.

Pengo hilo ni hatari kwa sababu mwenye kulibeba mara nyingi hajui kama analo. Anaposoma sentensi na kuelewa maneno tisa kati ya kumi, hudhani ameielewa yote. Kumbe neno hilo moja lililobaki ndilo lililobeba amri yenyewe. Makala haya yanaonyesha maneno yanayowakwaza wengi, sababu zake, na njia ya kuyajifunza pasipo gharama kubwa.

Maneno ya usalama

Tuanze na neno ambalo limewapotosha hata wenyeji wa Kiingereza. "Inflammable" linaonekana kama kinyume cha "flammable", kwa vile "in" mwanzoni mwa maneno mengi ya Kiingereza huleta maana ya "si". Lakini sivyo. Maneno yote mawili yana maana moja: kitu kinachoshika moto kwa urahisi. Kisichoshika moto ni "non-flammable". Mtunza stoo asiyelijua hili anaweza kuweka mtungi mahali pasipofaa huku akiamini kuwa ametii maandishi.

Katika mfumo wa kimataifa wa kuweka alama kwenye kemikali, uliotolewa na Umoja wa Mataifa mwaka 2003, "danger" na "warning" hayatumiki kiholela. "Danger" huandikwa palipo na hatari kubwa zaidi, na "warning" palipo na hatari ya kiwango cha chini. Vivyo hivyo, ukanda wa rangi ulio chini ya lebo ya dawa ya mimea una maana yake: nyekundu ni sumu kali, njano ni yenye madhara, buluu ni ya kutumiwa kwa tahadhari, na kijani ni yenye sumu kidogo zaidi. Hata hivyo kijani si ruhusa ya kuvua glavu.

Neno jingine ni "re-entry interval". Huu ni muda ambao hakuna mtu anayeruhusiwa kuingia kwenye kivungulio baada ya dawa kunyunyizwa, isipokuwa aliyevaa mavazi kamili ya kujikinga. Lifananalo nalo ni "pre-harvest interval", yaani muda wa kusubiri baina ya kunyunyiza na kuvuna. La kwanza humlinda mfanyakazi, la pili humlinda mlaji. Msimamizi akiyachanganya, ama atawaingiza watu mahali penye sumu, ama mazao yatavunwa yakiwa bado na dawa.

Kila dawa huwa na karatasi ya maelezo ya usalama yenye sehemu 16, na mpangilio wake ni uleule duniani kote. Asiye na muda wa kusoma zote na aanze na tatu: sehemu ya 2 inayoeleza hatari, ya 4 inayoeleza huduma ya kwanza, na ya 8 inayoeleza mavazi ya kujikinga. Maneno kama "inhale" (kuvuta kwa pumzi), "swallow" (kumeza), "rinse" (kusuuza) na "induce vomiting" (kumtapisha mtu) hurudiwa humo mara kwa mara. Litazamwe kwa makini neno "not" linalotangulia hilo la mwisho, kwani kwa sumu nyingi mgonjwa hatakiwi kutapishwa.

Vipimo, saa na tarakimu

Ajali nyingi za lugha hutokana na maneno madogo kuliko makubwa. "Per" ni neno la herufi tatu tu. Lakini lebo ikisema kipimo ni "per hectare", na mnyunyizaji akazoea kupima kwa ekari, atakuwa ametia dawa karibu mara mbili na nusu ya inayotakiwa, kwa kuwa hekta moja ni sawa na ekari 2.47. "Every other day" nalo si kila siku, bali ni kufanya siku moja na kuruka inayofuata. "Biweekly" lina utata hata kwa Waingereza wenyewe: wengine hulitumia kwa maana ya mara mbili kwa wiki, na wengine mara moja kwa wiki mbili. Ukikutana nalo, uliza. Ukiandika wewe, tumia "twice a week" ama "every two weeks".

Saa huwasumbua hasa wanaofikiri kwa Kiswahili. Sisi huhesabu saa kuanzia macheo na machweo, Waingereza huhesabu kuanzia usiku wa manane na adhuhuri. Lori likiagizwa kuondoka "at 2 pm", hiyo ni saa nane mchana, wala si saa mbili. Katika maandishi ya kazi ni salama kutumia mtindo wa saa 24, yaani 14:00. Tarehe pia zina mitego. 04/05 kwa Mwingereza na Mkenya ni tarehe 4 Mei, ilhali kwa Mmarekani ni Aprili 5. Andika jina la mwezi kwa herufi na utata utakwisha.

Kwenye simu, "fifteen" na "fifty" husikika kama pacha. Wazoefu hutaja tarakimu mojamoja: "one-five" ama "five-zero". Hii si desturi ya mashamba pekee. Marubani na waongozaji ndege hufanya vivyo hivyo, na wana sababu. Machi 27, 1977, ndege mbili aina ya Boeing 747, moja ya KLM na nyingine ya Pan Am, ziligongana kwenye uwanja wa Tenerife katika visiwa vya Canary, na watu 583 wakafariki. Miongoni mwa sababu zilizotajwa ni maneno ya rubani msaidizi Mholanzi, "We are now at takeoff". Kwake yeye yalimaanisha kwamba ndege inaanza kuruka, ilhali mwongozaji Mhispania aliyaelewa kuwa ndege imesimama ikisubiri. Wote wawili walijua Kiingereza. Baada ya mkasa huo, ilikazwa kanuni kwamba neno "takeoff" litajwe tu pale ruhusa ya kuruka inapotolewa ama inapofutwa.

Funzo ni kwamba ufasaha peke yake hautoshi. Watu wanaofanya kazi pamoja wanahitaji kukubaliana neno fulani lina maana gani, na anayepokea amri anafaa kuirudia kwa sauti kabla ya kuitekeleza.

Maneno ya mkataba

Hapa ndipo neno lisiloeleweka hugeuka kuwa hasara ya mshahara. Katika Kiswahili cha mitaani tunasema "kasual" tukimaanisha kibarua yeyote. Lakini katika Sheria ya Ajira ya 2007, "casual employee" ni mtu anayelipwa mwisho wa kila siku na asiyeajiriwa kwa zaidi ya saa 24 kwa wakati mmoja. Kifungu cha 37 cha sheria hiyo kinasema kwamba kibarua aliyefanya kazi mfululizo kwa muda usiopungua mwezi mmoja huhesabiwa kuwa na mkataba wa kulipwa kwa mwezi. Anayejua maana ya neno hilo anajua pia lini limekoma kumhusu.

"Probation" ni kipindi cha majaribio, na kwa mujibu wa kifungu cha 42 hakipaswi kuzidi miezi sita, ingawa kinaweza kuongezwa kwa muda usiozidi miezi sita mingine iwapo mfanyakazi amekubali. "Redundancy" ni kupoteza kazi bila kosa lolote, kwa sababu nafasi yenyewe haihitajiki tena. Anayepoteza kazi hivyo anastahili malipo yasiyopungua mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka kamili aliofanya kazi. "Summary dismissal" ni kufutwa papo hapo, ama kwa ilani fupi kuliko inayotakiwa, kwa kosa kubwa. Mtu akiyachukulia maneno haya kuwa ni majina tofauti ya "kufutwa", anaweza kukubali kuondoka mikono mitupu.

"Notice to show cause" huwatia wengi hofu, wakidhani tayari wamefutwa. Barua hiyo inakutaka ujieleze kwa nini usichukuliwe hatua. Kunyamaza ndilo kosa. Nayo "full and final settlement" humaanisha kwamba kwa kutia sahihi unakiri umelipwa yote na huna dai jingine. Isomwe mara mbili.

Kuna maneno mengine madogo yanayobeba uzito mkubwa katika mikataba. "Shall" ni lazima, "may" ni hiari. "Subject to" ni "kwa sharti la", hivyo nyongeza ya mshahara iliyo "subject to approval" bado haijapatikana. "Notwithstanding" ni "licha ya", na mara nyingi huja kufuta kilichoahidiwa aya moja kabla.

Jambo moja ambalo wafanyakazi wengi hawalijui ni kwamba sheria iko upande wao kuhusu lugha. Kifungu cha 9 cha Sheria ya Ajira kinamtaka mwajiri amfafanulie mfanyakazi mkataba katika lugha anayoielewa, iwapo hajui kusoma ama haelewi lugha uliyoandikwa. Kifungu cha 41 kinasema kwamba kabla ya kumwachisha mtu kazi kwa utovu wa nidhamu, utendaji duni ama udhaifu wa kimwili, mwajiri sharti amweleze sababu katika lugha anayoielewa, mbele ya mfanyakazi mwenzake ama mwakilishi wa chama atakayemchagua. Katiba ya 2010 nayo, katika kifungu cha 7, imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Kuomba maelezo kwa Kiswahili, basi, ni haki, wala si dalili ya ujinga.

Maneno ya soko na ukaguzi

Waridi lililochumwa Timau huuzwa mnadani Uholanzi ama katika maduka makubwa ya Uingereza, na kila hatua ina msamiati wake. "Vase life" ni idadi ya siku ambazo ua hudumu chomboni likiwa bado linapendeza. "Consignment" ni shehena, na "traceability" ni uwezo wa kufuatilia kila boksi hadi kwenye kivungulio lilikotoka na siku lilipovunwa. Boksi likiwekwa "on hold" chumbani mwa baridi, halipaswi kuondoka hadi litakapoidhinishwa. Mnunuzi akiandika "claim", hatoi malalamiko tu, anadai fidia.

Wakaguzi nao hutumia "non-conformity" kwa maana ya jambo lililokiuka kiwango, na "corrective action" kwa hatua ya kulirekebisha. Mkaguzi akisema kuna "outstanding issues", asishukuriwe. Neno "outstanding" lina maana mbili: jambo bora kupindukia, na jambo ambalo bado halijakamilishwa ama kulipwa. "Oversight" nalo lina sura mbili, usimamizi na kosa la kusahau. Maneno ya aina hii huamuliwa na sentensi nzima, ndiyo maana haifai kuyakariri peke yake.

Uzito wa msamiati huu ulionekana mwaka 2013, Umoja wa Ulaya ulipoanza kupima asilimia 10 ya shehena za maharagwe mabichi na minji kutoka Kenya baada ya kugundua mabaki ya dawa yaliyopita kiwango. Wakulima wadogo walilazimika kujifunza maana ya "maximum residue level", yaani kiwango cha juu cha mabaki ya dawa kinachoruhusiwa. Tangu Aprili 26, 2025, masharti makali zaidi ya umoja huo yanahusu waridi na nondo aitwaye "false codling moth", ambaye viwavi wake wakionekana shehena huweza kukataliwa. Mchumaji ndiye anayemwona kiwavi kwanza. Asipojua jina lililo kwenye fomu, hataripoti alichokiona.

Mitego ya lugha mama

Makosa mengine hutokana na Kiswahili chenyewe. Kitenzi "kuazima" hutosha pande zote mbili, lakini Kiingereza hutenganisha "borrow" kwa anayepokea na "lend" kwa anayetoa. "Kusikia" kwetu ni kwa sauti, harufu na hata maumivu. Mwingereza ana "hear", "smell" na "feel". Muuguzi akiandika kwenye faili kwamba mgonjwa "is hearing pain", daktari atatatizika.

Mnunuzi akiuliza kama lori limeondoka, wengi hujibu "still" kwa sababu wanatafsiri "bado". Jibu sahihi ni "not yet". "Hadi Ijumaa" nalo huleta utata: "by Friday" ni kukamilisha kabla Ijumaa haijaisha, ilhali "until Friday" ni kuendelea bila kukoma mpaka siku hiyo.

Mtego mbaya zaidi ni swali la kukanusha. Msimamizi akiuliza, "You haven't sprayed block four?", anayefikiri kwa Kiswahili hujibu "Yes", akimaanisha "ndiyo, sijanyunyiza". Msimamizi anaweza kusikia kwamba kazi imekwisha. Dawa ya tatizo hili ni rahisi: usijibu kwa neno moja. Sema sentensi nzima, "No, I have not sprayed it."

Namna ya kujifunza

Orodha za maneno zimetungwa tangu zamani. Mwaka 1930 Mwingereza C.K. Ogden alitoa orodha ya maneno 850 aliyoamini yanatosha kwa mawasiliano ya kawaida. Mwaka 1953 Michael West alichapisha nyingine ya takriban maneno 2,000 yatumikayo zaidi. Orodha hizo zina manufaa, lakini hazina "re-entry interval". Orodha ya mfanyakazi iko kazini kwake.

Chukua daftari dogo la kuingia mfukoni. Kila siku ya kazi andika maneno matatu uliyokutana nayo kwenye lebo, fomu ama barua. Kwa kila neno andika sentensi nzima ulimolikuta, maana yake kwa Kiswahili, kisha sentensi yako mwenyewe kuhusu kazi yako. Anza na maneno yanayogusa usalama wako, kisha mshahara wako, kisha kazi unayotaka kupandishwa cheo kuifanya.

Kukumbuka kunahitaji kurudia. Mjerumani Hermann Ebbinghaus alionyesha mwaka 1885 kwamba mengi tunayojifunza husahaulika upesi mwanzoni, na kwamba kurudia kwa vipindi huimarisha kumbukumbu. Mwaka 1972 Sebastian Leitner alipendekeza njia ya vikasha: neno huandikwa kwenye kadi, ukilijua kadi husogea kwenye kikasha kinachorudiwa baada ya muda mrefu zaidi, ukilisahau hurudi mwanzo. Vipande vya boksi la kufungashia na bahasha tatu vyatosha. Safari ya gari la wafanyakazi asubuhi ni wakati mwafaka.

Kamusi ya Kiingereza na Kiswahili pia ni rafiki, iwe ya kitabu ama ya simu, na maktaba za umma mjini Nanyuki na Meru zinaweza kumsaidia asiyeweza kununua. Lakini kamusi itumike kwa tahadhari, kwa kuwa neno moja huwa na maana nyingi. Linganisha maana uliyoipata na sentensi uliyoiandika. Isipokubaliana nayo, endelea kusoma maana inayofuata.

Halafu muulize mtu. Hili ndilo gumu kuliko yote, kwani aibu ya kuonekana hujui huwafunga mdomo hata wenye vyeti vikubwa. Usiulize tu "Umesema nini?" Rudia ulivyoelewa: "Do you mean nobody enters before tomorrow morning?" Swali la namna hiyo huonyesha umakini, na humlazimu mwenye kutoa amri aieleze upya iwapo haikueleweka.

Waajiri nao wana sehemu yao. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inawataka watoe habari, maelekezo, mafunzo na usimamizi unaohitajika ili wafanyakazi wawe salama. Habari isiyoeleweka haijatolewa. Dakika tano za maneno mawili au matatu katika mkutano wa asubuhi, na orodha ya maneno muhimu kwa lugha zote mbili kwenye mlango wa stoo, ni gharama ndogo ikilinganishwa na shehena moja iliyokataliwa ama mnyunyizaji mmoja aliyelazwa.

Maneno matatu kwa siku, siku sita kwa wiki, ni maneno 18. Kwa mwaka mmoja yatapita 850 ya Ogden, tena yote yakiwa ya kazi yako mwenyewe. Haba na haba hujaza kibaba, na pengine kabla daftari halijajaa utakuwa umekutana na lile neno moja ambalo ungelitia sahihi bila kujua.